Bakteria Hawangoji Bamvua

Mama mdogo ndiye aliyenileta mbele za watu. Mtafiti mmoja wa bakteria wa baharini, ambaye sote tulimwita Daktari, alikuwa amefika ufukweni kwao kukata vipande vya mwani, akawa anamlalamikia mtu kwenye simu kwamba takwimu zinarundikana na hana wa kuzichambua. Mama mdogo alikuwa amechutama kando yake akifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Akadakia bila kualikwa: yeye anaye mtoto, yuko Kerege, anashinda na kompyuta kama wenzake wanavyoshinda na kioo. Hakusema kwamba mtoto huyo hajakanyaga chuo kikuu. Hakusema kwamba kila anachokijua amejifundisha mwenyewe, kwa bando la simu na kompyuta iliyokwisha chakaa, wala kwamba akiandika ujumbe wa mistari miwili huusoma mpaka maneno yapoteze maana, kisha huufuta.

Mtoto huyo ni mimi. Niliitwa, nikaenda, na nilikwenda nikiwa nimejiandaa kukataliwa.

Maabara ilikuwa chumba kimoja upande wa Mbegani, chenye friji, meza ndefu na kabati la kutunzia bakteria katika joto maalumu. Daktari ni mwanamke wa mjini Bagamoyo, wa zile familia zenye asili ya Oman ambazo mtu hukulia nyuma ya kaunta ya duka. Ndugu zake wakaendelea na vitambaa, yeye akaenda kusomea viumbe visivyoonekana kwa macho. Sikumwonyesha cheti, kwa kuwa sina. Nilimweleza nilichojifunza na nilichoshindwa, na nilichoshindwa kikawa kirefu zaidi. Akaniuliza hufanya nini programu ikinipa jibu nililolitarajia. Nikasema nalihakiki upya. Na ikinipa nisilolitarajia? Nikasema hilo nalihakiki zaidi.

"Utachoka mapema, binti," akasema, akanivutia kiti.

Tatizo lenyewe wakulima wa mwani wanalijua kuliko wanavyotaka kulijua. Mwani unakuwa mzima leo, mnene, unateleza mkononi. Baada ya siku chache mashina yanaanza kupauka, yanakuwa meupe kama mfupa, kisha yanakatika na kwenda na maji. Kamba inabaki tupu. Daktari alikuwa amekwisha kumjua bakteria anayehusika. Kilichonishangaza, na bado kinanishangaza, ni kwamba bakteria huyo huyo anaishi pia juu ya mwani mzima, miezi na miezi, kama mpangaji mwema asiyepigisha kelele. Jeni za kutengeneza vimeng'enya vya kuyeyusha mwani anazo siku zote. Haziwashi. Kisha inafika siku anaziwasha.

Kabla ya hapo nilidhani kiumbe ni jeni zake basi. Ukizijua jeni umemjua. Daktari alinicheka kwa upole, akanieleza kwa mfano wa nyumba za kwetu. Kila jeni, alisema, ni mlango, na mbele ya mlango kuna baraza, kipande kifupi cha herufi za DNA. Juu ya baraza hilo anaweza kukaa mlinzi, naye ni protini. Mlinzi akikaa, hakuna anayeingia na jeni imezimwa. Akiinuka, jeni inawaka. Wanasayansi wengi wameshazisoma nyumba. Kazi ngumu ni kujua mlinzi yupi anakaa baraza gani, na nini kinamwinua. Bakteria mmoja ana maelfu ya milango na hakuna kibao juu ya baraza hata moja.

Hapo ndipo akili mnemba ilipoingia, na mimi nyuma yake.

Modeli niliyoitumia sikuitengeneza mimi. Watu wa mbali waliitengeneza wakaiachia huru mtandaoni, mtu yeyote aipakue. Namna walivyoifundisha ndiyo iliyoniteka. Walichukua jenomu, yaani herufi zote za DNA, za bakteria wengi mno, wakaificha herufi moja hapa, nyingine pale, wakaitaka ikisie iliyofichwa. Ikikosea inasahihishwa kidogo, inaendelea. Hakuna aliyeiambia jeni ni nini. Hakuna aliyeiambia kuna baraza au mlinzi. Lakini huwezi kukisia vizuri neno lililofutwa kwenye sentensi bila kuanza kuielewa lugha, na modeli ile, kwa kukisia tu, ilikuwa imeanza kuelewa. Nikiri jambo la kitoto: niliionea fahari kana kwamba ni mwanafunzi mwenzangu. Nami ndivyo nilivyojifunza kila kitu, kwa kukisia na kukosea na kusahihishwa na mtu nisiyemwona.

Kazi yangu ilikuwa kuiongezea elimu ya bakteria wetu. Wanawake wa kikundi cha mama mdogo walikuwa wakikata vipande vya mwani kila waendapo shambani, wanapima joto la maji na chumvi kwa kifaa walichopewa, wanatia vipande kwenye vichupa vyenye dawa ya kuhifadhi. Vichupa vilipelekwa Dar kwenye mashine inayoonyesha ni jeni zipi zilikuwa zimewashwa wakati kipande kinakatwa. Mimi nilichukua matokeo, nikayaunganisha na jenomu, nikaifundisha modeli: hali ikiwa hii, jeni hizi huwaka.

Majedwali yale niliyasafisha kama mtu anayesafisha nyumba kabla ya posa. Kila safu ilikaa sawa. Palipokuwa na joto lililoandikwa vibaya niliwapigia simu wanawake wenyewe mpaka wakaanza kunikimbia, mmoja alipokea akasema, "Mwanangu, maji yalikuwa ya moto, andika moto, niache nile." Hapakuwa na kisanduku kitupu hata kimoja. Nililala vizuri kwa ajili ya jambo hilo, nami si mtu wa kulala vizuri.

Kisha nikaijaribu kwa mchezo ambao ukiwa na bakteria wa kweli ungekuchukua miaka. Ndani ya kompyuta unabadilisha herufi moja ya DNA, unaiuliza modeli: sasa jeni itawaka? Unairudisha, unabadilisha ya pili, unauliza tena. Ni kama mkandaji anayemgusagusa mgonjwa mgongoni. Anagusa hapa, kimya, anagusa pale, kimya, mpaka afike mahali mgonjwa anaruka. Niligusa herufi nyingi mbele ya jeni za kuyeyusha mwani na modeli haikushtuka. Halafu nikafika kwenye kipande kifupi sana, na kila herufi niliyoigusa pale ilibadilisha jibu. Palikuwa na baraza. Hakuna aliyelionyesha.

Nilimpelekea Daktari picha ile nikiwa na hotuba ya kujitetea mdomoni. Hakuihitaji. Aliiangalia, akavua miwani, akaiangalia tena kwa karibu, akafungua makala za zamani akanionyesha kipande kinachofanana nacho, cha bakteria mwingine kabisa, ambacho watu wengine walikigundua kwa kazi ndefu ya maabara. Mlinzi wa pale, waliandika, huinuka joto likipanda. Modeli nayo ilikuwa inasema hivyo hivyo kuhusu huyu wetu: ni joto.

Ningependa kusema nilifurahi tu. Lakini neno "joto" lilikuwa na mtu nyuma yake.

Kikundi kilikuwa kinangoja kauli ya Daktari kabla ya msimu mpya. Kama kinachowasha jeni zile ni joto la maji, basi hakuna dawa ila kuhamisha kamba kwenye kina, ambako maji yanabaki baridi, na kwenda kwenye kina maana yake ni chombo na kuogelea. Kama ni kuachwa wazi, yaani maji yakipwa mwani unabaki nje unapigwa jua, basi inatosha kusogeza vigingi kidogo kuelekea chini, mahali ambapo mtu bado anasimama. Mama mdogo amefanya kazi ndani ya bahari maisha yake yote ya utu uzima na hajui kuogelea. Maji yakimpita kifua hutetemeka. Kikundi kikihamia kwenye kina, yeye angebaki ufukweni kuanika mwani wa wenzake. Na shamba lile ndicho kitu pekee alicho nacho bila hisani ya mume au kaka.

Yeye alikwisha kujiamulia jibu. Mwani unaungua jua kama mtu, alikuwa akisema, usogeze kidogo tu utapona. Aliniambia hivyo mara nyingi huku akinitazama usoni, na siku moja akaliweka wazi.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekupeleka kwa yule mama. Hiyo mashine yako isije ikanipeleka mimi kwenye kina."

Nilirudi kwenye kompyuta nikaanza kuhakiki.

Kuna njia moja ya kuiuliza modeli inajiamini kiasi gani, nami niliipenda tangu niliposoma habari zake. Huifundishi modeli moja. Unafundisha kadhaa, takwimu zile zile, lakini kila moja unaianzisha mahali tofauti. Zikikubaliana, kuna jambo zimelijua. Zikitofautiana, zinabahatisha. Zangu zilikuwa zinakubaliana kama waumini kwenye "amin". Basi nikaziuliza swali ambalo ndilo la mama mdogo hasa: maji yakiwa ya moto lakini mwani umefunikwa, haujaachwa wazi, jeni zitawaka?

Zikatawanyika. Moja ilisema zitawaka sana, nyingine hazitawaka kabisa, nyingine zikabaki katikati. Waumini wote waliokuwa wakiitikia kwa sauti moja sasa kila mmoja alikuwa na lake.

Nilidhani ni kosa la programu. Kosa likitokea, mimi huwaza kwanza kwamba ni mimi. Ni ugonjwa wangu, na mara nyingi huwa ni kweli. Nilipitia mstari kwa mstari. Niliandika sehemu nzima upya kwa sababu tu sikupenda ilivyokaa. Majibu hayakubadilika. Daktari aliniuliza nimefika wapi, nikampa majibu ya kuzungukazunguka, maana sikutaka aone modeli zikigombana kabla sijajua zinagombania nini.

Jibu nililipata mama mdogo akiwa anaosha vyombo uani kwetu Kerege.

Alikuwa amekuja kututembelea kama kawaida yake. Ameleta dagaa, amenisuka, amegombana kidogo na mama yangu juu ya kiasi cha nazi kwenye mchuzi. Nilikuwa kibarazani na kompyuta magotini, nikitafuta tarehe ambayo wangeweza kunichukulia sampuli nyingine, na nikamuuliza mama yangu kama mama mdogo ataondoka kesho. Akasema aondoke aende wapi, si maji mafu haya, ana siku kadhaa za kukaa.

Kwa asiyekaa pwani nieleze. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupwa mbali sana na kujaa sana. Hilo ndilo bamvua, na ndizo siku za kwenda shambani kwa miguu, asubuhi maji yakiwa yametoka. Katikati ya mabamvua kuna maji mafu. Bahari haijai sana wala haipwi sana, mashamba ya mwani hayafikiki kwa miguu, na wanawake hawaendi. Wanasuka ukili wa mikeka, wanahudhuria harusi, wanakwenda kuangalia wagonjwa. Mama mdogo anakuja kwetu.

Nikaangalia tarehe za sampuli. Nikazipanga upya, safari hii kwa umri wa mwezi. Zikajikusanya mafungu mawili, moja mwezi mwandamo, moja mwezi mpevu. Katikati hapakuwa na kitu.

Takwimu zetu zote zilikuwa za bamvua. Kila kipande kilikatwa asubuhi, maji yakiwa yametoka, jua likiwa limeanza kuuma. Siku ambayo maji yalikupwa zaidi, mwani uliachwa wazi zaidi, na madimbwi yalipata moto zaidi. Joto na kuachwa wazi vilikuwa vinatembea pamoja kama mapacha, na modeli haikuwahi kumwona mmoja bila mwenzake. Ilichagua joto kwa kuwa herufi za baraza ziliielekeza huko, lakini kwa swali la mama mdogo haikuwa na ushahidi, na ndipo zile nakala zake zilipotawanyika. Hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa zinasema: huku hamjawahi kutupeleka.

Hakuna aliyesahau chochote, na hilo ndilo lililoniuma na kunichekesha kwa pamoja. Mgeni kutoka bara angeuliza siku ya kwanza mbona hakuna sampuli za siku hizi. Sisi hatukuuliza kwa sababu kwetu siku za maji mafu si pengo. Ndivyo zilivyo. Jedwali langu halikuwa na kisanduku kitupu kwa sababu siku hizo hazikupewa kisanduku.

Nilianza kumwandikia Daktari ujumbe, nikaufuta. Nikaandika mwingine, nikaufuta. Mwishowe nilivaa viatu nikaenda. Nilimwekea picha ya mafungu mawili mezani. Aliitazama kwa muda, akaziba uso kwa kiganja, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mimi, wewe na mama yako mdogo, sote tumezaliwa huku," akasema. "Tumewapa bakteria ratiba yetu. Bakteria hawangoji bamvua."

Nimemheshimu tangu siku ya kwanza, lakini siku ile niliona mtu anavyokosea bila kudhoofika. Hakuuliza kosa ni la nani. Aliuliza maji mafu haya yana siku ngapi zaidi.

Kilikuwa kipindi cha mwisho wa kaskazi, miezi ya joto, mchana hauna upepo, bahari imelala kama mafuta sahanini. Kwenda shambani maji yakiwa juu kulihitaji chombo, na mume wa dada wa marehemu baba mkwe wa mama mdogo, ambaye kwa ufupi alimwita shemeji, alikuwa na mtumbwi wa kutegea samaki kwa madema. Mama mdogo hakulazimika kuja. Nilimwambia hivyo. Akasema shamba lake haliendewi kama kaburi la mtu asiye na ndugu, akapanda. Alikaa katikati, mikono miwili imeshika kingo, macho ameyafumba, midomo inatembea kwa dua. Daktari alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kufumbua.

"Shemeji, fumbua macho," yule mzee wa mtumbwi akamwambia. "Bahari yenyewe haijakuona."

"Wewe piga kafi. Mdomo ungeuacha nyumbani ungekuwa mwepesi mtumbwi."

Tulipofika, yule mzee akazama, akaibuka na vipande vya mwani. Nilipima joto chini kwenye kamba na juu pia. Maji yale, yaliyokuwa yamekaa pale pale siku baada ya siku bila kubadilishwa na maji ya nje, yalikuwa ya moto kushinda nilivyofikiri, na mwani ulikuwa umefunikwa tangu bamvua lilipokwisha. Mapacha wametengana. Daktari alivitia vipande vichupani, akivishika kwa ncha za vidole kama mayai. Maji mafu yaliyofuata tulirudi. Safari hiyo mvua na upepo vilikuwa vimepita, maji yamepoa, mwani umefunikwa vile vile. Tukavipeleka vyote Dar, tukangoja.

Kungoja si kipaji changu. Niliota majibu, yakiwa haya, yakiwa yale. Nitasema ukweli: nilikuwa naomba modeli iwe imekosea. Nimejifunza kwa shida sana kuiamini, nimeipenda, na nilikuwa naomba ikosee.

Haikukosea. Kwenye maji ya moto yaliyofunika mwani, jeni zilikuwa zimewaka. Kwenye maji yaliyopoa zilikuwa zimezimwa. Daktari naye alikuwa amewalea bakteria wale wale ndani ya kabati, gizani, bila jua wala hewa ya kuwakausha, akawapandishia joto. Mlinzi akainuka. Akawashushia. Mlinzi akakaa. Nilipoziongezea modeli takwimu mpya na kuzirudia lile swali, zilijibu kwa sauti moja.

Nilikaa mbele ya kompyuta nikiwa na mambo mawili kifuani ambayo hayakutaka kukaa pamoja. La kwanza lilikuwa mshangao ambao sijawahi kuwa nao mbele ya kitu chochote: kiumbe kisichoonekana kina njia ya kuhisi joto la bahari, njia hiyo imeandikwa kwa herufi chache, na programu iliyojifunza kwa kukisia tu iliziona herufi hizo kabla yetu, na pale ambapo haikujua, ilisema haijui. La pili lilikuwa sura ya mama mdogo mtumbwini, macho yamefumbwa. Nikatafuta kosa tena. Nilitafuta kwa namna ambayo sikuwahi kutafuta, na sikulipata.

Daktari aliniruhusu nimwambie kabla ya mkutano. Nilimkuta akigeuza mwani juani, nikamwamkia, nikakaa chini kwenye ukingo wa chanja. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yalitoka hovyo. Nikamweleza kuhusu baraza na mlinzi, nikamweleza kwamba jua peke yake halina kosa, kwamba kusogeza vigingi hakutasaidia.

Aliendelea kugeuza mwani mpaka akafika mwisho wa chanja.

"Umehakiki?"

"Nimehakiki, mamdogo. Nilikuwa natafuta kosa."

"Kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

Akajifuta mikono kwenye kanga. Akauliza kama huyo bakteria akirudi kwenye ubaridi anaacha. Nikasema anaacha, anazima, anakaa na mwani vizuri kama mwanzo. Akasema basi hana roho mbaya, anashikwa na joto tu kama mtu mwingine. Kisha akaniambia nikaiulize mashine kama yeye atazama.

"Haiwezi kujua," nikamwambia. "Haijawahi kukuona."

"Bora," akasema. "Wakiniona wengi wanasema nitazama."

Mkutano ulifanyika chini ya banda la kikundi. Daktari hakuwaamuru. Aliwaeleza tulichokipata na namna tulivyokaribia kukikosa, na aliposema kwamba takwimu zote zilikuwa za bamvua, wanawake walicheka mpaka mmoja akalala begani kwa mwenzake, maana walijielewa. Walipofika kwenye suala la kina, binti mmoja katika kikundi, mwenye nguvu na mwenye haraka, akasema kwa heshima kwamba akina mama watu wazima wasihangaishwe, watabaki nchi kavu waanike, vijana watakwenda. Wengi wakaitikia. Lilikuwa pendekezo jema na lilisemwa kwa wema.

Mama mdogo akasimama. Nilimwona akitafuta pa kuweka mikono.

"Kamba zangu nitazifunga mwenyewe," akasema. "Nifundisheni kuelea. Kabla hamjahamisha kigingi hata kimoja, nifundisheni."

Mwingine wa rika lake akasema na yeye, na mwingine. Wakakubaliana kwamba hakuna shamba litakalohama mpaka kila anayetaka awe amefundishwa, na kwamba mafunzo yatakuwa siku za maji mafu, kwa kuwa siku hizo bahari imetulia na hakuna kazi. Daktari akaomba wakiwa majini wamchukulie na sampuli. Wakamwambia amezoea.

Sasa ninakwenda nao nikiwa na vichupa na kifaa cha kupimia joto. Sijui kama kina kitaupenda mwani wetu. Modeli inasema ndiyo, na mimi nimeshaanza kuifundisha nakala nyingine ili nijue inasema ndiyo kwa haki gani. Kamba za mama mdogo bado ziko pale pale zilipokuwa. Anayemfundisha ni yule yule binti wa mkutanoni. Anamshika chini ya mgongo, na mama mdogo analala juu ya maji akiwa mkakamavu kama ubao, shingo imekaza, kidevu juu, wenzake wakimtania kutoka pembeni, wakiuliza kama huyo ni mtu au boya lililokatika.

Juzi alimwambia binti aondoe mkono.

"Bado, mama. Utazama."

"Ondoa. Niache nizame kidogo nijue kunakuwaje."

Binti akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye majibu. Akaondoa mkono. Mama mdogo akabaki juu kwa muda mfupi, kisha miguu ikaanza kushuka, kisha kiuno, kisha akatoweka kabisa. Maji yalikuwa ya kifua tu. Akaibuka akikohoa, kanga imemganda usoni, akatafuta chini kwa miguu akapapata, akasimama. Alipoiondoa kanga machoni, akauliza ni nani aliyekuwa amesema atakufa, halafu akalala tena chali juu ya maji.